Corvette ya Rangi ya Zizi

Solveig Hedström alirudi nyumbani kutoka hospitali akiwa na magongo mawili na mguu mmoja, na jambo la kwanza aliloliona ni milango ya ghala la kaka yake imeachwa wazi. Ndani, mwanamume asiyemjua alikuwa amelala chali chini ya gari lake Solveig na Rune, akilimulika tochi na kulipiga picha uvunguni.

Alisimama pale mlangoni, magongo yamemzamia kwenye tope la Aprili.

"Rune, huyu ni nani?"

Kaka yake akatoka gizani akijifuta mikono kwenye suruali. "Dada! Si walisema utatoka kesho?"

"Nimetoka leo. Nimeuliza huyu ni nani."

"Ni Bwana Terhorst. Ametoka Uholanzi. Amekuja kulitazama tu."

"Mtu hatoki Uholanzi mpaka huku Dalarna kuja kutazama tu, kaka. Kwao wameishiwa vitu vya kutazama?"

Mgeni akajivuta kutoka uvunguni, akasimama na kuinamisha kichwa kwa adabu. Hakujua Kiswidi, lakini ugomvi wa ndugu hauhitaji mkalimani. Akaizima tochi yake, akaenda kusubiri garini mwake.

Gari lenyewe, kama ungeliona siku ile, usingelipa hata hilo jina la gari. Lilikuwa Corvette ya mwaka 1964, gari la michezo la Kimarekani, lakini lilikaa juu ya magogo bila magurudumu, boneti imeegemezwa ukutani, viti vimeliwa na panya. Baharia mmoja alikuwa amelileta kutoka Amerika zamani, akaliendesha majira ya baridi yote kwenye barabara zilizomwagwa chumvi, mpaka siku alipolisukumia ghalani na kulisahau. Solveig na Rune walilinunua kwa mjane wake, nusu kwa nusu. Bodi ya gari la aina hiyo ni ya faibaglasi, haishiki kutu, kwa hiyo kwa juu lilikuwa bado na umbo lake zuri la samaki mkali. Chini, chesisi ya chuma ilikuwa imelainika kama biskuti iliyochovywa kwenye chai.

Walikuwa na mpango wa kulifufua pamoja. Kisha ikaja ile siku ya Februari msituni, walipokuwa wakipakia magogo ya kuni, na rundo zima likaporomoka. Rune ndiye aliyemtoa chini ya magogo. Ndiye aliyeshika kichwa chake kwenye theluji mpaka helikopta ikaja. Hospitalini mguu wa kushoto wa Solveig ulikatwa chini ya goti, na Rune naye akarudi mtu mwingine. Aliondoa mazulia nyumbani kwa dada yake asije akajikwaa. Alimfichia msumeno wake. Na sasa alikuwa amemwita Mholanzi.

"Atalipenda kuliko sisi," Rune alisema. "Ana gereji kubwa, ana watu. Gari litapata mtu wa kulitunza."

"Lina mtu wa kulitunza."

"Solveig, tuwe wakweli. Klachi utaikanyaga na nini?"

Neno likishatoka halirudi mdomoni. Rune mwenyewe alilisikia, akafumba macho. Solveig alilitazama lile gari juu ya magogo, akahisi hasira ikimpanda kutoka kwenye kile kipande cha mguu kilichobaki hadi kwenye ncha za masikio, na ilikuwa hasira tamu, ya kwanza tangu Februari ambayo haikuwa na machozi ndani yake.

"Mwambie mgeni wako aende akale," alisema. "Safari ya Uholanzi ni ndefu."

* * *

Tatizo ni kwamba nusu ya gari ilikuwa ya Rune kweli, na Rune hakutaka kuiachia. Walibishana wiki nzima. Mwisho Solveig akamfuata jikoni kwake wakati wa kahawa, akaketi bila kukaribishwa, akachukua mkate wa mdalasini na kusema:

"Chukua nusu yangu ya nyumba ya ziwani. Nipe nusu yako ya gari."

Nyumba ya ziwani waliachiwa na wazazi wao: nyumba ya magogo yenye gati lake dogo na chumba cha kuogea cha mvuke alichokijenga baba kwa mikono yake. Solveig alikuwa amekaa huko kila kiangazi cha maisha yake.

Rune aliweka kikombe chini. "Umerukwa na akili. Nyumba ya mama kwa chesisi iliyooza?"

"Kwa chesisi iliyooza."

"Utajuta, dada."

"Majuto nitayabeba mimi. Mikono ninayo yote miwili."

Rune alikubali, akiamini kwamba kabla majani hayajaanguka atakuja kumlilia na watarudishiana. Lakini aliweka sharti. "Halitatengenezwa ghalani kwangu. Nilikutoa chini ya magogo kwa mikono hii. Sitakupa kamba ya kujinyongea."

"Sawa. Litaondoka Jumamosi."

Jumamosi akaja Pirkko, rafiki yake Solveig, na trela. Pirkko alikuwa amezaliwa Finland, akahamia Sweden akiwa msichana, na maisha yake yote alikuwa fundi wa mabasi ya wilaya hadi alipostaafu. Alikuwa mwanamke mpana, asiye na haraka, ambaye hakuwahi kumwuliza Solveig anajisikiaje, na kwa hilo Solveig alimshukuru kimoyomoyo.

Habari zilikuwa zimeshaenea, kwa hiyo wanachama watatu wa klabu ya magari ya Kimarekani walikuja kushuhudia, wakiongozwa na mwenyekiti wao, Kjell-Åke. Naye alikuwa na Corvette, nyeupe, safi kama sahani, na mvua haikuwahi kuigusa.

"Nimesikia unataka kulibadilisha," alisema, mikono nyuma kama mwalimu mkuu.

"Nataka kuliendesha. Likihitaji kubadilishwa, litabadilishwa."

"Injini ndiyo ile ile ya kiwandani, Solveig. Giaboksi ndiyo ile ile. Magari ya namna hii yamebaki machache sana. Ukitoboa tundu moja tu mahali ambapo kiwanda hakikutoboa, umeua historia."

"Mguu wangu nao ulikuwa wa kiwandani, Kjell-Åke. Umetolewa. Mbona hujanizika?"

Pirkko alicheka mpaka akaangusha mnyororo. Wale wenzake Kjell-Åke wakatazama viatu vyao. Gari likavutwa taratibu kutoka juu ya magogo, likilia kila kiungo, likapanda trela. Rune alitazama akiwa dirishani. Hakutoka.

* * *

Walilipeleka kwenye karakana ya zamani ya mabasi, ambayo Pirkko alikuwa akiitumia kama yake, na huko wakakaa nalo kiangazi, vuli na majira yote ya baridi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuinua bodi na kuitenganisha na chesisi, na hapo waliona uozo wote. Kidole cha Solveig kiliingia kwenye chuma mpaka kwenye kifundo. Wakakata, wakachomelea, wakakata tena. Solveig alifanya kazi ameketi kwenye kiti kifupi cha magurudumu, akijisukuma kwa mguu mmoja sakafuni kuanzia kwenye tairi hili hadi lile, mashine ya kusagia chuma mapajani. Mguu wa bandia aliuvaa asubuhi na kuuvua mchana ulipomchuna. Kuna siku ule mguu usiokuwepo ulimuuma vidoleni, maumivu ya kweli ya vidole visivyokuwepo, na siku hizo alipiga nyundo kwa nguvu zaidi kuliko kazi ilivyotaka.

Siku moja ya Novemba kiti kiliteleza kwenye mafuta, akaanguka kifudifudi. Mdomo ukapasuka. Akalala pale kwenye sakafu ya baridi, akitukana: aliyatukana magogo, akamtukana daktari, Rune, Kjell-Åke, baharia na chumvi yake. Pirkko alisubiri mpaka orodha ikaisha.

"Nikunyanyue, au nikuletee kahawa huko huko chini?"

Solveig alifikiri. "Lete kahawa."

Pirkko akaja na chupa, akaketi naye sakafuni, miguu mitatu imenyooshwa mbele yao, wakanywa.

"Nikwambie kitu, na usinirushie spana," Pirkko alisema. "Weka giaboksi ya kujibadilisha gia yenyewe. Ninayo moja pale nyuma, nzima kabisa. Mguu wa kulia unatosha. Wiki mbili tumemaliza."

"Hata wewe?"

"Mimi fundi. Fundi anatafuta njia fupi."

"Gari hili nililipenda kwa sababu ya gia zake," Solveig alisema. "Nilipoketi ndani yake mara ya kwanza, lilikuwa halina hata injini inayowaka, nikaishika ile fimbo ya gia, nikaiingiza ya kwanza, ya pili. Ikalia *klak*. Nikasema, hili langu. Sasa nililete nyumbani halafu nikae kama abiria? Mguu wamechukua. Gia sitoi."

Pirkko alishusha pumzi. "Basi mwenzangu, klachi utaikanyaga na nini?"

Maneno yale yale ya Rune. Lakini kutoka kwa Pirkko lilikuwa swali, na swali lina jibu. Solveig aligeuza kichwa. Kwenye kona palikuwa na pikipiki kuukuu ya Pirkko, imefunikwa blanketi, mshikio mmoja umejitokeza nje.

"Pale," alisema. "Klachi ya pikipiki iko wapi?"

"Mkononi," Pirkko alisema, na kikombe chake kikasimama njiani.

Hivyo ndivyo walivyoanza kitu ambacho hakuna kati yao aliyewahi kukifanya. Walichukua wenzo wa klachi wa pikipiki, wakaufunga juu ya fimbo ya gia, ili mkono mmoja uweze kubana klachi na kubadilisha gia kwa wakati ule ule. Kutoka hapo wakapitisha bomba la mafuta mpaka kwenye klachi yenyewe. Mara ya kwanza walipowasha injini na Solveig akabana, wenzo haukusogea. Springi ya klachi ya gari lile ilikuwa imetengenezwa kwa paja la mwanamume. Alibana kwa mikono miwili, mishipa ikamtoka shingoni, ukasogea nusu.

Walihangaika nao wiki kadhaa. Kilichowaokoa ni kile kikopo cheusi ambacho kwenye magari madogo humsaidia dereva kukanyaga breki kwa kutumia mvuto wa hewa ya injini. Walikitoa kwenye gari la posta lililokuwa chakavu, wakakifunga kwenye njia ya klachi. Solveig akabana kwa vidole viwili, na klachi ikaachia kama mlango uliopakwa mafuta.

Wakatazamana. Pirkko, ambaye hakuwa mtu wa kukumbatia, akampiga bega mpaka akayumba.

Kuanzia hapo walikosa haya kabisa. Breki za zamani za ngoma, ambazo hata zilipokuwa mpya zilisimamisha gari kwa kusali, wakazitupa na kuweka za diski magurudumu yote manne. Usukani uliolegea wakaubadilisha. Injini na giaboksi wakazisafisha na kuzirudisha zilivyokuwa, maana hapo kiwanda kilikuwa kimefanya kazi nzuri, na Solveig hakuwa na ugomvi na kazi nzuri.

Ikabaki rangi. Kiwandani lilitoka la buluu.

"Buluu?" Pirkko aliuliza, kopo mkononi.

"Hapana. Nyekundu. Ile ya mazizi."

Pirkko akapepesa macho. Rangi ile nyekundu iliyofifia ndiyo iliyopakwa kila nyumba ya mbao, kila zizi na kila choo cha nje katika Dalarna nzima. Hakuna mtu aliyewahi kuipaka gari la michezo.

"Kjell-Åke atapata kiharusi."

"Ndiyo maana hospitali iko karibu."

* * *

Ofisi ya leseni ilikuwa imemwandikia Solveig kwamba ataruhusiwa kuendesha gari la kujibadilisha gia lenyewe, au gari lenye klachi iliyohamishiwa mkononi, mradi mkaguzi aliidhinishe. Watu wote walisoma nusu ya kwanza ya sentensi ile. Solveig alisoma nusu ya pili.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mkavu aitwaye Wallgren, mwenye daftari na miwani iliyoning'inia shingoni. Alilizunguka gari, akaketi upande wa abiria, akasema, "Haya."

Solveig alizimisha gari getini. Akaliwasha, akalizimisha tena. Mara ya tatu likaenda, likapanda kilima, na katikati ya kilima bomba la klachi likapasuka na kumwaga mafuta ya moto kwenye viatu vya mkaguzi.

Gari likasimama katikati ya barabara.

"Bomba hilo ni la mpira," Wallgren alisema, akivua kiatu. "Weka la chuma. Kisha urudi."

"Yaani nirudi? Hujanikatalia?"

"Nimekukatalia leo. Kurudi ni kazi yako."

Alirudi. Mara hiyo hakuzimisha. Kilimani alisimama, akabana, akaachia kidogo kidogo, gari likaondoka bila kurudi nyuma hata upana wa kiganja. Wallgren alimwamuru akimbize na afunge breki ghafla, na gari likasimama limenyooka, miwani ya mkaguzi ikaruka na kumgonga kidevuni. Aliandika, akatia sahihi.

"Nina swali lisilo la kazi," alisema kabla hajashuka. "Rangi hii, ulikosa nyingine?"

"Niliichagua."

"Hm," mkaguzi alisema, lakini alishuka akiwa anatabasamu.

* * *

Jumatano za Julai, jua linapokuwa halina haja ya kuzama, wenye magari ya Kimarekani hukutana kwenye uwanja wa nyasi kando ya ziwa. Kuna soseji za kuchoma, kuna viazi vya kupondwa, kuna muziki kutoka kwenye mabuti ya magari yaliyofunguliwa, na wazee waliovaa jaketi za ngozi walizozivaa walipokuwa vijana na sasa hazifungiki. Kjell-Åke alikuwa getini, amevaa fulana ya manjano ya kuongozea magari.

Alilisikia gari la Solveig kabla hajaliona. Ngurumo ile ya silinda nane hailingani na nyingine. Akageuka huku uso umekunjuka kwa furaha, kisha akaiona rangi.

"Mungu wangu! Umelipaka rangi ya zizi!"

"Mazizi ya hapa yamesimama miaka mia mbili," Solveig alisema kupitia dirishani. "Klabu yako ina mingapi?"

Kjell-Åke aliinama, akauona ule wenzo juu ya fimbo ya gia, akaona na diski za breki zikimeremeta nyuma ya magurudumu. Akanyoosha mkono, na ni kweli mkono wake ulikuwa na huzuni. "Yaliyobadilishwa yanaegeshwa kule. Nyuma ya vyoo. Ndiyo sheria, Solveig, sikuitunga mimi."

"Uliitunga wewe. Nilikuwepo kwenye mkutano."

"Basi niliitunga mimi. Nyuma ya vyoo."

Solveig akabana klachi, akaingiza gia ya kwanza, *klak*, na mbele ya macho ya uwanja mzima akaenda moja kwa moja safu ya mbele. Akaegesha ubavuni mwa ile Corvette nyeupe ya mwenyekiti.

Kjell-Åke alifika akihema. "Nitawaita watu walivute!"

"Waite. Waambie waje na kamba imara, na wanijulishe mapema ili nibaki ndani."

Watu wakaanza kucheka, kisha wakaanza kusogea. Walichungulia, wakauliza, kila mmoja akitaka kubana ule wenzo mwenyewe. Wengine walitikisa vichwa na kuondoka, wakisema ni aibu kulifanyia hivyo gari la namna ile. Mmoja alisema hivyo hadharani, na Solveig akamjibu kwamba la kwake linamfaa yeye, na la mwenziwe limfae mwenziwe, na kama aibu ipo imlalie yeye anayeiona. Hakuna aliyeleta kamba.

Umati ulipopungua, Solveig alimwona Rune amesimama kando ya kibanda cha soseji na sahani ya karatasi mkononi. Hawakuwa wamezungumza vizuri tangu lile trela. Akaja taratibu, akasimama upande wa abiria.

"Chesisi mmeinyoosha?"

"Inama uone."

Hakuinama. Alikuwa anautazama mguu wa bandia uliopumzika mahali ambapo zamani palikuwa na pedali ya tatu. "Kila nikifumba macho nakuona kwenye theluji ile," alisema. "Nilidhani likiondoka hili gari, kitapungua kitu kimoja cha kukuua."

"Najua, kaka."

"Sasa ungetaka nifanye nini?"

"Uogope, kama unaogopa. Sikuzuii. Ila woga ni wako, usinivishe mimi. Ingia."

Rune aliitazama sahani yake, akaiweka juu ya pipa, akaingia. Magoti yalimgonga dashibodi. Walitoka getini, wakampita Kjell-Åke na fulana yake, wakaishika barabara ya juu inayopanda kati ya misonobari. Gia ya pili. Ya tatu. Rune alikuwa amekanyaga sakafu kwa miguu yote miwili kana kwamba breki ziko kwake.

"Punguza mwendo, dada."

"Hapana."

Kona ikaja. Solveig akabana kwa vidole viwili, akashusha gia, injini ikanguruma, gari likaikata kona kama mkasi kwenye kitambaa. Rune akatoa sauti ambayo haikuwa kelele wala kicheko. Kona ya pili ilipokuja, ilikuwa kicheko.

Huko juu, msitu ulipoachia na ziwa lote likaonekana chini, Rune aliomba. "Nipe na mimi niendeshe kidogo."

"Si leo," Solveig alisema, akaingiza gia ya nne.

Sheria ya klabu haijabadilishwa mpaka hivi sasa. Kila Jumatano ya kiangazi Kjell-Åke hunyoosha mkono wake kuelekea nyuma ya vyoo, na kila Jumatano Solveig humpungia na kwenda kuegesha mbele.